Papa Yako Anatumika Wapi?



Mwezi huu ninataka kuzungumza nanyi juu ya feza ya masomo ya chuo kikuu. Ninajua kwamba katika nyumba nyingi neno hili linaleta ukimya mezani, wakati mutoto aliyepata diplome ya Serikali anasimama mbele ya wazazi wake na kuuliza: "Papa, sasa miye?" Sitaandika kama mwalimu mbele ya wanafunzi. Nitaandika kama mutu aliyekosa, tena aliyekuwa na sababu zote za kutokosa.

Nianze na ujana wangu. Mimi ni mutoto wa mutumishi wa kampuni. Nilimaliza shule ya sekondari mwaka 1997. Ninyi wenye umri wangu munakumbuka hali ya inchi yetu katika miaka ile. Shaba iliyotoka Katanga ilikuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mwaka 1994 ilishuka chini ya tani 50,000. Nyuma ya namba hizi kulikuwa masufuria yetu. Baba yangu alikuwa na namba ya kazi, nguo ya kazi na nyumba ya kampo. Lakini mushahara ulichelewa mwezi mumoja, kisha mitatu, kisha sita. Asubuhi alivaa nguo yake ya kazi na kutoka, na jioni tulikula unga wa kukopa.

Nilitaka kujifunza umeme. Nikasikia kwamba kuna watu wanaosaidia vijana wenye kukosa feza ya masomo. Nilienda na diplome yangu ndani ya bahasha, nikafua shati usiku na kulipiga pasi ya makala. Bwana aliyenipokea hakuangalia hata alama zangu. Aliniuliza neno moja tu: "Papa yako anatumika wapi?" Nikamuambia. Akanirudishia bahasha na kusema: "Ah, mutoto ya mutumishi! Tunasaidia benye hawana kitu."

Nilirudi kwa miguu. Kwa karatasi tulikuwa watu wenye mushahara. Kwa nyumba tulikuwa na mama aliyekuwa akihesabu vikombe vya unga.

Nyuma ya miaka mine Bwana aliniita, nikaingia shule ya Biblia. Watu wengine wananiambia: "Unaona, Pasta, Mungu alifunga mulango ule ili akufungulie huu." Ninamushukuru Mungu kwa mulango alioufungua. Lakini sipendi tuseme kwamba Mungu ndiye aliyenirudishia bahasha ile. Ni mutu aliyefanya hivyo, kwa swali moja ambalo halikutosha.

Sasa sikieni ginsi mimi pia niliuliza swali lilelile.

Kanisa letu lina komite ndogo ya masomo. Tuko watano. Kila mwaka tunakusanya sadaka moja ya pekee, na tunagawa kwa vijana wanaoingia chuo kikuu. Feza si nyingi. Kanuni yetu ilikuwa fupi: kwanza yatima, kisha watoto wa wajane, kisha watoto wa wazazi wasio na kazi. Kanuni nzuri, ya Kikristo. Hakuna aliyeipinga.

Mwaka 2022 mushemasi mumoja wa kanisa alikuja kwetu. Yeye anaendesha gari kubwa la kubeba mawe ndani ya mugodi. Binti yake wa kwanza alipata asilimia 64 katika mutihani wa Serikali na alitaka kujifunza kilimo kule Lubumbashi. Nilimuuliza binti kwa nini kilimo, na sisi tuko watu wa migodi. Akajibu: "Baba Pasta, mawe yanaishaka. Watu hawaishake kula." Nilicheka, nikafurahi.

Baba yake alisimama mbele yetu, kofia mukononi. Alisema: "Pasta, siombe munilipie yote. Munisaidie tu kwa mwanzo, nisimamishe mutoto."

Alipotoka nje, mumoja wetu akasema: "Ule eko na mushahara ya dola kila mwezi. Atashindwa namna gani?" Mwengine akasema: "Kama tunamupatia ule, mujane atatuangalia na macho gani?" Na mimi, mwenyekiti, nilisema nini? Nilisema: "Anatumika kwa kampuni kubwa. Tupite kwa jina lingine." Neno lile halikuchukua dakika tano. Sikukumbuka shati langu la 1997. Hata kidogo.

Ndugu musomaji, fikiri kwanza ginsi familia kama hii inavyokwama katikati. Kuko burse za kampuni na za maendeleo kwa vijiji vinavyozunguka migodi. Tangu sheria ya migodi ya mwaka 2018, kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zile. Ni jambo la haki, maana wao ndio wanaokula vumbi. Lakini mushemasi wetu anapanga nyumba mujini, si mwenyeji wa kijiji kile. Kuko tena burse kwa wale waliopata alama za juu kabisa katika inchi. Asilimia 64 ni alama za mutoto aliyetumika vizuri, lakini si za kuitwa kwenye burse zile. Serikali ilianza kutoa bure shule ya musingi ya umma mwezi wa kenda 2019, na tunashukuru. Lakini sekondari na chuo kikuu bado ni mufuko wa muzazi. Basi mutoto huyu hakuwa maskini ya kutosha kwa musaada huu, wala wa kwanza kwa musaada ule, wala mwenyeji kwa ule mwingine. Na baba yake hakuwa tajiri ya kutosha kulipa peke yake.

Nyuma ya wakati, yeye na muke wake waliniruhusu niandike hesabu yao hapa, bila jina, ili isaidie wengine. Ni hesabu ya nyumba moja tu. Mushahara aliopokea mukononi ulikuwa dolari 580 kwa mwezi. Ukisikia 580 unasema: ule ni bwana mukubwa. Sasa tutoe pamoja. Nyumba ya kupanga, 100. Chakula cha watu kumi, 210. Wanne wa sekondari, karibu 60 kwa mwezi. Mama yake kijijini na watoto wawili wa ndugu yake aliyekufa, 60. Maji, umeme na dawa, 35. Zaka, 58. Jumla 523. Inabaki 57.

Na masomo ya binti? Kuandikisha na minervali, 450 kwa mwaka. Chumba cha kugawana na wengine, 30 kwa miezi kumi, ni 300. Chakula, 60 kwa miezi kumi, ni 600. Vitabu vya darasa na safari za kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi, 150. Jumla 1,500. Hata akiweka pembeni zile 57 zote kila mwezi, bila ugonjwa, bila kilio, atapata 684. Zinakosekana 816.

Sisi katika komite tuliona 580. Hatukuona 816.

Na angalia neno moja zaidi: ndani ya ile 523 kuko yatima wawili na mujane mumoja. Watoto wa ndugu yake na mama yake! Kanuni yetu ilisema "yatima na wajane kwanza", na hapa kulikuwa mutu aliyekuwa akifanya kazi ya komite yetu ndani ya nyumba yake kila siku. Tulimunyima kwa sababu ya mushahara ule ule aliokuwa akiwalishia.

Basi alifanya nini? Alifanya lile wababa wengi wanafanya kwa siri. Alienda kwa mukopeshaji wa mutaani, wale tunaita "banki lamberi". Alichukua dolari 400 kwa faida ya nusu kila mwezi. Mukopeshaji akashika karte yake ya banki pamoja na namba za siri. Mutoto akaenda Lubumbashi, na sisi sote kanisani tukasema: "Munaona? Si tulisema ataweza?"

Kila mwezi zilitoka dolari 200 za faida tu, na deni lilibaki 400 vilevile. Ndani ya miezi mitatu alilipa 600, na hakupunguza hata franka moja ya deni. Mwezi wa pili wa mwaka 2023 walimurudisha binti nyumbani. Nilimuona siku ya Mungu amekaa nyuma na wanakwaya wadogo, nikafikiri amekuja kutembea.

Aliyefungua macho yangu ni muke wangu. Jioni moja, tukiwa tunakula, aliniambia: "Baba, unajua mushemasi wako anatembea kwa miguu kuja kuabudu?" Nikasema labda anapenda kutembea. Akaweka kijiko chini. "Hana feza ya taksi. Mama wa nyumba ile amelia leo katika mukutano wa wamama. Wanakula mara moja. Na kila siku ya Mungu unapokea bahasha yake ya zaka na kusema Amina."

Wapendwa, usiku ule sikulala. Nilifungua sura ya ine ya kitabu cha pili cha Wafalme, kwa sababu nilikuwa natayarisha mahubiri juu ya mujane mwenye chupa ya mafuta. Munaijua habari ile: mume amekufa, mwenye kudai anataka kuchukua watoto wake wawili, na nabii Elisha anamusaidia. Nimehubiri sura ile mara nyingi, na siku zote nilikomea pale mafuta yanapoisha kumiminwa. Lakini sura haishii pale. Inaendelea katika nyumba ya mwanamuke wa Shunemu, mwenye mali, anayemujengea nabii chumba juu na kumuwekea kitanda, meza, kiti na taa. Elisha anamuuliza anataka afanyiwe nini. Yeye anajibu kama vile hakosi kitu: anakaa katikati ya watu wake. Ni Gehazi, mutumishi, anayeona: mwanamuke huyu hana mutoto, na mume wake amezeeka.

Nabii yuleyule, sura ileile, nyumba mbili. Mujane alilia, akasikiwa. Mwenye chumba cha juu hakulia, na pengo lake lilihitaji mutu wa kuliona. Katika nyumba yangu, muke wangu ndiye alikuwa Gehazi wa usiku ule. Mimi nilikuwa nimelala katika chumba cha juu alichokijenga mushemasi kwa zaka yake.

Kesho yake nilienda kwake mbele hajaenda kazini. Nilimuomba musamaha, si kwa maneno ya mimbari, kwa maneno ya mutu. Alinyamaza sana. Kisha akasema: "Pasta, miye nilisikia haya. Nilisema, mutu ya mushahara akisema hana, watu watacheka." Neno lile lilinichoma kuliko kama angenikasirikia.

Tulifanya nini? Sitaki mufikiri feza ya komite iliongezeka. Haikuongezeka. Yatima wa mwaka ule walipata sehemu yao, na ilikuwa haki. Lakini tuliona kwamba kuko musaada mwingine kuliko kutoa franka.

Kwanza, mimi na wazee wawili tulienda kwa mukopeshaji. Tulimuonyesha kwamba amekwisha kupokea 600 juu ya 400 aliyotoa. Tulizungumza karibu masaa mawili. Akakubali kukata faida, arudishe karte, na apokee 400 yake kwa miezi minane, 50 kila mwezi. Deni lilikwisha mwezi wa kumi 2023.

Pili, tuliandikia ndugu wa kanisa kule Lubumbashi. Familia moja ya Katuba ilimupokea binti. Hakulipa chumba, na kwa chakula alitoa 25 kwa mwezi pahali pa 60. Angalieni hesabu: 300 za chumba zikatoka, na 350 za chakula zikatoka. Mwaka wa masomo ukashuka kutoka 1,500 mpaka 850. Kwa 684 za baba, zilikosekana 166 tu. Komite ilikopesha 100 bila faida, mama akazirudisha kwa miezi kumi kutoka biashara yake ya unga, na wajomba wakaleta 66. Pengo lililoonekana kama mulima likawa kilima cha kuruka.

Tatu, tulibadilisha swali letu. Hatuulizi tena kwanza "Papa yako anatumika wapi?" Tunakaa na wazazi, karatasi na kalamu, na tunauliza: Nini inaingia? Inalisha watu wangapi? Masomo yanataka kiasi gani kwa mwaka muzima? Kuko deni? Mwenye mushahara ambaye hesabu yake inatosha, tunamuambia kwa upendo: "Ndugu, utaweza." Mwenye kukwama katikati, tunatafuta pamoja: mukopo mudogo, nyumba ya kulala, barua ya kuomba kulipa kwa vipande. Na yatima anabaki wa kwanza kwa feza ya kutoa bure. Mulango mumoja haukufunga mwingine.

Nne, nyumba ishirini hivi zenye mushahara zilianza likelemba ya masomo. Kila mwezi wanaweka kidogo, na zamu ya kila mutu inaangukia mwaka ambao mutoto wake anaingia chuo kikuu. Hii si sadaka. Ni feza yao wenyewe, ila inangojea.

Wazazi, niwaambie neno kama ndugu. Musingoje diplome itoke ndio muanze kuhesabu. Mutoto akiingia mwaka wa kwanza wa sekondari, tayari munajua atafika wapi. Musitegemee mushahara wa mugodi kama mutu anayejenga juu ya mwamba. Munakumbuka mwezi wa pili 2025: Serikali ilisimamisha kobalti kutoka inchini kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na kusimama kule kuliendelea mpaka mwezi wa kumi. Mara ngapi tuliulizana kanisani kama mikataba itabaki? Basi wekeni akiba wakati kazi iko. Tena muzungumze na watoto wenu kwa namba. Mutoto anayejua kwamba inabaki 57 hataomba simu mupya. Yule asiyejua anafikiri baba yake ni mugumu.

Na ninyi vijana: kusoma karibu na nyumbani si aibu. Kolwezi iko na chuo kikuu chake. Kama tawi unalotaka liko pale, chumba cha mama yako ni burse. Na kama mwaka umepotea, haujapotea wewe. Kijana wa kiume, usikimbilie shimo la kuchimba ukisema "mwaka mumoja tu". Nimezika vijana wawili waliosema vile. Kijana wa kike, mutu anayekuambia atakulipia minervali kwa siri, muulize kwa nini siri.

Binti yule alipoteza mwaka muzima. Hatukuweza kumurudishia, na nilimuambia hivyo uso kwa uso. Leo yuko mwaka wa tatu. Likizo iliyopita alipita nyumbani kwetu na kunionyesha mistari ya mahindi aliyopanda nyuma ya nyumba ya baba yake. Nilimuuliza kama bado ananikasirikia. Akaangalia mahindi, akasema: "Baba Pasta, sasa munaulizaka vizuri."

Nimeandika neno lile ndani ya daftari la komite, kwenye ukurasa wa kwanza, mbele ya kanuni.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Katika familia yetu, watoto wanajua mushahara unaingia kiasi gani na unalisha watu wangapi?
2. Kuko mutu kanisani ambaye siku zote anatoa, na hakuna anayemuuliza yeye anakosa nini?
3. Mutoto wetu akianza chuo kikuu mwaka unaokuja, zitakosekana ngapi? Tuandike leo.